Kitanda cha Jumatatu

Jumatatu, 7 Aprili

Wewe Hanifa, usidhani sikukuona. Nimekuona nyuma ya jiko ukinyonya barafu, uso umeugeuzia ukutani kama mtoto wa chekechea aliyeiba sukari. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu! Barafu ni maji. Ikishayeyuka mdomoni ni sawa na kata ya kisimani. Daktari kakwambia vikombe viwili kwa siku, hakusema viwili na cha wizi. Figo zako hazitoi hata tone, kila unachomeza kinabaki mwilini, kisha kifua kijae maji, na mimi mamako ndiye nitakayekaa kukushika mgongo upate pumzi.

Daftari hili nimepewa leo na Sista Purity wa kliniki. Kaniambia, "Shosho," yaani bibi kwa lugha ya kwao, "kila asubuhi uandike kilo zake na maji amekunywa." Nikamwambia mimi nimefika darasa la tatu, nikatolewa. Akasema darasa la tatu latosha kwa namba. Anadhani sina la kuandika ila namba! Nitaandika nitakacho. Na Hanifa akitaka asome, aone haya.

Kilo 55 kabla ya mashine, 52 baada. Maji vikombe viwili, na barafu.

Jumanne, 8 Aprili

Kilo 52 na nusu. Vikombe viwili. Mvua ya kwanza, ya kutia vumbi harufu tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya mashine. Jumatatu na Alhamisi tunatoka hapa Mwabungo baada ya sala ya alfajiri, tunakwenda kusini mbele ya Msambweni, kwenye kliniki, Hanifa anafungwa mirija saa nne nzima damu yake itoke, isafishwe, irudi. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki ninasuka ukili wa mkeka.

Kitanda cha pili yupo mzee mmoja Mduruma, anaitwa Kaingu, anatoka ndani huko Kinango, kavaa koti la suti juu ya ndala. Mdomo wake haulali. Leo kamwambia Hanifa, "Binti, Mungu akikupa ruhusa ya siku moja unywe utakacho, utakunywa nini?"

"Dafu la baridi," kasema Hanifa.

"Ninyi Wadigo mna mawazo madogo. Mimi nitaanza na uji uliochacha, bakuli la kufulia nguo. Halafu nitaingia kisimani mwenyewe, ndoo ninaacha juu."

Hanifa kacheka mpaka mashine ikapiga kelele. Nikamwambia mzee, wagonjwa wasikumbushwe vinywaji. Akanijibu, "Shikamoo, mama mkwe." Mkwe wa nani? Hana adabu.

Kilo 55 na robo, 52.

Jumatatu, 14 Aprili

Kilo 54 na nusu, 52. Kaingu kaongea tangu mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 17 Aprili

Kilo 55, 52. Nimehamisha kiti changu ili nimpe Kaingu mgongo. Kaongea na mgongo.

Jumapili, 20 Aprili

Mbarak amekuja kula. Huyu ni mtoto wa Hanifa, wa pekee, ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi Ukunda katika ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta. Majirani nilikuwa nikiwaambia anauza kompyuta, maana sikujua niseme nini. Leo nimembana anieleze ni kazi gani hiyo mtu anakaa kitini mchana kutwa, jioni anasema amechoka.

"Bibi," kasema, "kunafunguliwa kliniki mpya ya figo pale Ukunda. Wagonjwa wa upande huu watahamishwa kutoka ile ya zamani. Kliniki ya zamani ina kompyuta yake, mpya ina yake, stoo ya dawa ina yake. Mimi naandika programu ya kuzisemezanisha."

"Kufuta jina huku na kuliandika kule. Hilo ndilo ulilolisomea miaka minne?"

Kacheka. "Umefuta huku, na kabla hujaandika kule mtandao umekatika. Mgonjwa yuko wapi?"

"Hayuko popote."

"Umeandika kule, huku hujafuta?"

"Yuko pawili, anazuia nafasi ya mwenzake."

"Ndiyo hivyo. Basi lazima yote yatendeke pamoja, au lisitendeke hata moja. Likikwama moja, kila kitu kirudi kilipokuwa. Kwanza kompyuta zote zinaulizwa: mko tayari? Kila moja ikijibu tayari, inaishika ile nafasi, haimpi mwingine. Zikishajibu zote ndipo inatoka amri moja: tendeni."

Nikamwambia hayo si mageni, hiyo ni nikahi. Shehe anakwenda na mashahidi wawili mpaka mlangoni kwa mwari, anamwuliza, mwari anasema amekubali. Anarudi kwa mwanamume, anamwuliza naye. Mpaka wote wasikike, hakuna mke wala mume, hata kama pilau limeshaiva. Mmoja akikataa, kila mtu anachukua chake anakwenda kwao.

"Barabara kabisa, Bibi!"

"Na shehe akishamwuliza mwari, mwari akakubali, kisha shehe akaanguka njiani akafa? Mwari atakaa chumbani mpaka lini? Kwa mwingine hawezi kwenda, keshatoa neno. Na mume hana."

Mbarak akaacha kutafuna. "Hicho ndicho kipande sijakimaliza. Abdulrahim anasema kitangoja, kwanza tufungue." Abdulrahim ndiye bosi wake.

"Mwambie Abdulrahim ni mjinga."

"Bibi, simwambii bosi hivyo."

"Basi nitamwambia mimi."

Kaniambia na mengine. Ati ndani ya programu yupo Mgonjwa, ipo Zamu, kipo Kitanda, na kila kimoja ni kama mtu na nyumba yake. Ukitaka kitu chake huingii ukajichukulia. Unabisha hodi, unamwomba mwenyewe, na ikiwa haifai anakukatalia. Nikasema laiti majirani zangu wangeandikwa na wewe.

Nimefurahi, sikumwonyesha. Kilo 53. Vikombe viwili.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Makuti ya jikoni yanavuja pale pale. Kilo 54.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo Hanifa nusura aniponyoke.

Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti, ukili mkononi. Nimeamshwa na sauti ya Kaingu. Anaita, "Sista! Sista! Binti anakwenda! Jamani, binti anakwenda!" Naye mwenyewe kafungwa mirija, hawezi kuinuka, kapiga ukuta kwa mkono wake mzima mpaka vidole vimechubuka. Kumwangalia Hanifa, macho yamegeuka meupe, midomo imekuwa rangi ya jivu. Presha ilikuwa imeanguka. Sista Purity kaja mbio, wakamwinua miguu, wakamtia maji ya chumvi, taratibu akarudi. Neno lake la kwanza: "Mama, usilie, watu wanaona."

Sikuwa nikilia.

Nimekwenda kwa Kaingu kumshukuru, nikaishia kumfuta vidole damu. Akanitazama, akasema, "Mama Hanifa, ukisinzia unakoroma. Nilidhani ni mashine imeharibika."

Kilo 55, 52 na nusu.

Alhamisi, 1 Mei

Nimempelekea Kaingu mkate wa kumimina, mdogo, maana naye ana mashariti yake. Kala nusu, nusu kaifunga kwenye leso ampelekee binti yake. Binti anaitwa Hannah, ndiye anayemwangalia. Wana mbuzi tisa. Walikuwa kumi na wanane, tisa wamekwenda kwenye nauli za kliniki. Mkewe alifariki zamani. Kila Jumatatu na Alhamisi wanatoka kwao jogoo wa kwanza, wanakuja mpaka Kombani, wateremke, wapande tena. Mimi nilikuwa nikilalamika na Mwabungo yangu!

Nikamwambia ikifunguliwa ile ya Ukunda mtapumua. Nikamwambia mwenye kuitengeneza hiyo kompyuta ni mjukuu wangu. Nilijivuna, nakubali. Kasema, "Basi mimi nina mtu wangu ndani."

Jumapili, 4 Mei

Mvua usiku kucha. Kilo 54. Vikombe viwili na robo, tumegombana.

Alhamisi, 8 Mei

Tumeagwa kwenye kliniki ya zamani. Kuanzia wiki ijayo Hanifa na Kaingu wako Ukunda, na Sista Purity anahamia huko nao. Tumeambiwa kila mmoja atapata ujumbe kwenye simu wa kumjulisha siku zake mpya. Kaingu kavaa tai.

Kilo 55, 52.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua ya upepo. Mnazi wa kwa jirani umeangukia waya, hatuna umeme wala simu. Ujumbe wa siku za Hanifa haujaja.

Jumapili, 11 Mei

Vivyo hivyo. Kilo 56. Anasema hajanywa. Anaema akipanda ngazi ya barazani.

Jumatatu, 12 Mei

Ujumbe haujaja. Nikasema siku zetu ni Jumatatu na Alhamisi miaka miwili, twendeni. Mtu haendi kuulizia siku yake kama anaulizia bei ya nyanya.

Kilo 57. Sijapata kuandika namba hiyo. Tulimpandisha kwenye tuktuk mimi na dereva, pumzi zake zinasikika juu ya injini.

Kaingu tumemkuta kwenye benchi na Hannah. Naye ujumbe haukumfika, naye kaja kwa mazoea. Kilo zimempanda, lakini anacheka, anasifu vigae. Sista Purity kafungua kompyuta, kaandika jina la Hanifa. Hayupo. Kaandika la Kaingu. Hayupo. Kapiga simu kliniki ya zamani: kule wote wawili wameshatolewa, na nafasi zao tangu Jumamosi wamepewa wengine.

"Shosho, sistimu imekwama hapo katikati," kasema. "Mashine moja leo inaonyesha imeshikwa, lakini haisemi imeshikiwa nani. Na bila jina, stoo haitoi mirija wala dawa."

Nikampigia Mbarak. Kaja kwa bodaboda, karowa, na kompyuta yake ndani ya mfuko wa nailoni. Kamwona mamake, uso ukabadilika. Kakaa pembeni, kafungua, katazama muda. Akanivuta nje kwenye kibaraza.

"Bibi, mtandao ulikatika Jumamosi katikati ya uhamisho. Kitanda kimesema tayari, kikashikwa, amri ya mwisho haikufika. Kiko vile vile kinangoja. Jina la mtu wake limo kwenye foleni ya ujumbe unaosubiri kupita, nayo itafunguka mtandao wa kule ukitulia. Kesho, kesho kutwa."

"Mamako hana kesho kutwa. Andika jina lake."

"Sijui kama ni nafasi yake."

"Na hujui kama si yake. Andika."

"Kitanda kinanikatalia. Kimeshikwa. Labda niingie nyuma, mahali pote panapowekwa majina, nilitie kwa mkono. Programu haitajua. Bibi, hiyo ni kuingia nyumba ya mtu kwa dirisha. Huenda ni ya mzee Kaingu. Tuwaambie wote wawili, Sista aamue, Mama apelekwe hospitali kubwa kwa barua ya dharura..."

Hapo ndipo nilipomwambia maneno niliyomwambia. Nitayaandika. Nilimwambia, "Wewe ulinyonya ziwa la nani, la Kitanda? Mamako anazama ndani ya mwili wake mwenyewe, na wewe unanisomea sheria za mashine. Kama huwezi kuandika jina moja, ile miaka minne tulikusomesha nini? Andika, au usiniite Bibi."

Kaandika.

Nikarudi ndani nikasema, "Jina la Hanifa limeingia." Sista Purity kafurahi, mirija ikatolewa. Kaingu kapiga makofi. "Hongera, Mama Hanifa! Mjukuu ni fundi. Na langu je?"

Nikamwambia lako linakuja.

Kangoja mpaka saa kumi, halafu wakaondoka na Hannah. Hanifa kashuka kitandani kilo 53, kalala kama mtoto.

Jumanne, 13 Mei

Kilo 53. Kala wali. Mbarak hapokei simu.

Jumatano, 14 Mei

Hannah kapiga. Ujumbe umewafikia: "Uhamisho wako unashughulikiwa. Tafadhali subiri." Kauliza, "Mama, tungoje?" Nikasema ngojeni, ndivyo kompyuta zilivyo. Kasema huko kwao korongo la njiani limejaa.

Alhamisi, 15 Mei

Tumekwenda, jina la Hanifa lipo. Kitanda kile kile, dirishani.

Saa tano wakaingia Kaingu na Hannah, matope mpaka magotini. Miguu yake imekuwa kama magogo, ndala hazimwingii, kaivuta pekupeku. Koti kalivaa. Sista Purity kaandika jina, kaandika tena, kazima kompyuta kaiwasha, kaandika. Hayupo. Akampigia Mbarak, Mbarak akasema foleni bado imefungwa. Sista kawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, akawaambia waende leo leo. Hannah akasema kadi ya baba imebaki nyumbani na nguo hana, watachukua, waende kesho asubuhi.

Kaingu alikaa kwenye benchi linaloangalia mlango wa chumba. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anamwona Hanifa kitandani, nami ananiona kwenye kiti. Hakusema neno. Mtu yule! Mara moja tu kauliza, kwa taabu, "Binti, dafu bado unalitaka?" Hanifa akaitikia bado, mzee.

Mimi nilichukua tasbihi nikainamisha kichwa. Sikuwa nikisoma chochote.

Kilo 54, 52.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua kutwa.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nimempigia Hannah mara nne. Haipatikani.

Jumapili, 18 Mei

Kaingu amekufa.

Hannah kapiga saa tatu asubuhi. Ijumaa walifika korongoni na barua mkononi, maji yanapita juu ya barabara, magari yamesimama pande zote mbili. Wakarudi. Jumamosi vijana wakambeba kwa kitanda cha kamba wakitafuta pa kuvukia, akawafia mikononi. Hannah hakulia. Kaniambia kama mtu anayesoma orodha. Mwisho akasema, "Asante kwa ile mikate, mama. Aliisifu."

Mkate ulikuwa mmoja.

Jumanne, 20 Mei

Maziko yamekuwa leo, maji yamepungua. Nimekwenda mimi. Hanifa hana nguvu, Mbarak kasema ana kazi. Mchungaji kasema mengi mazuri. Mbuzi walikuwa wamefungwa, wanalia. Hannah amenikalisha mkekani karibu naye, mbele ya shangazi zake, akawaambia huyu ndiye mama wa kliniki. Wakanipa chai. Nikainywa yote.

Alhamisi, 22 Mei

Kilo 54, 52. Benchi limekaa wengine.

Jumapili, 25 Mei

Mbarak kaja, hakula. Nimemwambia umekonda kama ufito, unaumwa? Kasema haumwi. Kasema foleni ya ujumbe ilifunguka Jumanne ya tarehe kumi na tatu, yeye hakuitazama mpaka Ijumaa. Kisha akaondoka.

Jumanne, 27 Mei

Leo nimekwenda chumbani kwa Mbarak Ukunda, nikakaa juu ya kitanda, nikamwambia siondoki. Kanieleza mara tatu mpaka nikaelewa. Naandika nilivyoelewa.

Kile kitanda cha Jumatatu na Alhamisi kilikuwa cha Kaingu. Kilishikiwa yeye tangu Jumamosi.

Hanifa alikuwa na chake. Cha Jumanne na Ijumaa. Kilishikwa vile vile, kikingoja amri. Jumanne ile mashine yake ilikaa wazi kutwa. Ijumaa ikakaa wazi kutwa. Sista Purity aliiona imeandikwa imeshikwa, asiweze kuifungua, wala asijue ya nani.

Jina la Hanifa lilipofika kutoka kwenye foleni, programu ikamwuliza Mgonjwa, Mgonjwa akajibu keshapewa kitanda, huyu hapa kalala. Ikakataa kumwandika mara ya pili. Jina la Kaingu lilipofika, Kitanda kikajibu kina mtu. Ikataka kumrudisha kule alikotoka, kule nako wakajibu amekwishaondoka, nafasi imejaa. Ndipo ikampelekea ule ujumbe wa subiri. Ingeendelea kumpelekea mpaka leo.

"Ningengoja siku moja, Bibi," kasema. "Au tungemwandikia Mama barua ya dharura ile Jumatatu, bila mimi kugusa kitu. Foleni ingefunguka, kila mmoja angekuta chake. Palikuwa na mashine mbili. Hazikupungua. Mimi ndiye niliyeivuruga kwa kuingia nyuma."

Nikamwuliza ni nani anajua. Kasema Abdulrahim anajua. Na Abdulrahim ameandika ripoti ya kupeleka kwa wenye kliniki: mvua kubwa, mtandao kukatika, mgonjwa mmoja hakuweza kufika. Anataka Mbarak aitie sahihi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano, 28 Mei

Sikuandika kilo. Hanifa kajipima mwenyewe.

Abdulrahim amekuja barazani, kanzu nyeupe, salamu ndefu. "Shikamoo Bi Mwanasha. Mambo haya ni kadari. Mzee alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Tukianza kuandika majina, kijana wako ataharibikiwa, kliniki itafungwa, na Hanifa atarudi kule mbali. Na ripoti haisemi uongo, mvua ilinyesha."

Mimi nilimwita mtu huyu mjinga. Si mjinga. Na ubaya ni kwamba alikuwa akisema maneno ambayo nimejiambia mwenyewe tangu jana: mzee, mgonjwa, mvua, kadari. Kuyasikia kwa mdomo wa mwingine ndipo niliponusa uvundo wake. Nikamwambia, kadari haikuniambia nimtishe mjukuu wangu pale kibarazani. Hilo ni langu. Chukua kofia yako.

Hanifa alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Kasikia yote. Kakaa chini pale pale sakafuni. "Mama," kasema, "alikuwa ananitazama. Saa nne nzima ananitazama nimelala juu ya kitanda chake, na ananiuliza habari za dafu."

Nikakaa naye sakafuni.

Alhamisi, 29 Mei

Hanifa kakataa kwenda. Kasema hakilalii tena kitanda kile. Nimemwambia afe basi, nao wawe wawili, na Kaingu atafaidika nini? Kaingu alichubua vidole kukuita urudi. Kalia, kavaa, kaenda. Sista Purity amekwishambadilishia, kuanzia wiki ijayo ni Jumanne na Ijumaa.

Kilo 56, 52 na nusu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Nimekaa tangu asubuhi na daftari hili, nimesoma kuanzia mwanzo. Namba ni za Hanifa, lakini mtu aliyemo humu kila ukurasa ni mimi: nimejua, nimesema, nimewaambia. Darasa la tatu, na jambo lililokuwa likitakiwa siku ile hata mtoto wa chekechea analiweza. Kumwuliza mtu aliyekaa benchini. Mimi ndiye niliyefundisha habari za nikahi, kwamba kila mwenye neno asikike kwanza. Wagonjwa walikuwa wawili. Nilimsikiliza wangu.

Angesema nini kama tungemwuliza? Sijui. Huenda angesema mwekeni binti. Huenda angesema hapana, na angekuwa na haki. Sasa halijui mtu.

Hannah hajui lolote. Jana kanipigia kuniuliza hali ya Hanifa. Anamwulizia Hanifa! Nikasema salama. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake.

Mbarak, nakuandikia hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaanza kugomba na wewe utaanza kulia, na hatutafika popote. Ile karatasi ya Abdulrahim usiitie sahihi. Kaa uandike yako. Andika ulifanya nini, saa ngapi, na ni nani aliyekushurutisha. Jina langu liandike lote, Mwanasha binti Sefu, usinifiche kwa kuandika jamaa wa mgonjwa. Kazi wakikufukuza, ufukuzwe. Wakikubakisha, usihamishe mtu hata mmoja mpaka umekimaliza kile kipande ulichoniambia kitangoja, na lile dirisha la nyuma ulizibe, hata mimi nikija kukupigia magoti usilifungue.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Kwanza ni kesho. Kesho ukishasali alfajiri, uje unichukue twende Kinango. Usibebe kompyuta. Tukifika usikae kwenye kiti watakachokupa, kaa chini. Usianze na mvua, usianze na mtandao, usimweleze foleni wala Mgonjwa na Kitanda. Mwambie, "Dada Hannah, nafasi ilikuwa ya babako, tuliichukua bila kumwuliza." Kisha nyamaza, nami nitasema yangu. Akitutukana, tutukanwe. Akinyanyua fimbo ya mbuzi, usikinge. Akituuliza, mjibu alichouliza, kila mara atakapouliza, hata iwe mara mia.

Na akitufukuza kabla hatujamaliza, tutakaa nje ya ua mpaka atakapotaka kusikia yaliyobaki. Chukua nguo za siku mbili.